Uzoefu wangu: upasuaji wa neva iliyobanwa kwenye kiwiko, Arusha

Nianze na jibu kabla ya stori maana najua kuna watu wanataka hilo tu. Upasuaji wa neva, yaani mshipa wa fahamu, umenisaidia, usiku nalala, ganzi imepungua sana, ila nguvu ya mkono haijarudi yote na kuna nyama hapa kati ya kidole gumba na cha shahada imeliwa, sidhani kama itarudi. Mtu akiniuliza kama ningekubali tena kufanyiwa nasema ndio, hata kesho.

Mi ni dereva wa utalii, nakaa hapa Arusha, ruti zangu ni zile zile za wote, Tarangire, Manyara, kreta ya Ngorongoro, Serengeti, unarudi unalala siku mbili unatoka tena. Usukani wetu uko kulia kwa hiyo kiwiko cha kulia ndo kinakaa dirishani masaa yote, na ile rafu rodi ya Naabi kwenda Seronera kule Serengeti wageni wanaiita masaji ya Kiafrika, wanacheka, sasa wao wanaipata mgongoni mara moja kwa maisha yao mi naipata kwenye mfupa wa kiwiko msimu mzima. Ikaanza ganzi ya kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete, yaani nusu kabisa, upande wa kidole cha mwisho hausikii vizuri na upande wa kati unasikia. Usiku ndo mbaya zaidi, nikilala nimekunja mkono naamka kidole kinawaka kama shoti, naukung'uta mkono mpaka mke wangu anaamka. Simu nikiongea kidogo tu ganzi, nikishika darubini kumtafutia mgeni chui juu ya mti ganzi.

Halafu nguvu nayo ikaanza kupungua. Kuzungusha ufunguo wa Cruza asubuhi ya baridi kule juu ukingoni mwa kreta nikawa natumia mikono miwili. Noti nikihesabu zinateleza. Tonge la ugali lenyewe linakaa vibaya mkononi, na mtu wa familia akiona hivyo ndo ushauri unaanza sasa, mmoja anasema umepigwa na upepo, mwingine anasema hiyo ni stroku inakuja kapime presha, mama mkwe akaleta mafuta ya kondoo na kijana wa kuchua. Mafuta ya kondoo sina neno nayo aisee lakini yule kijana alivyokandamiza pale pale nyuma ya kiwiko niliona nyota. Kama dalili zako ni kama zangu usikubali mtu akuchue hapo. Na duka la dawa nako ni sindano za vitamini B na diklofenaki ya maumivu, unatoka na mfuko, tumbo linauma na kidole bado kimekufa.

Daktari wa mifupa niliyemwona mwishoni ndo nampa sifa, na jina la hospitali naliacha kwa sababu kuna mengine nitayasema hapo chini. Kwanza hakukimbilia kipimo. Akanipa karatasi ya kawaida, akasema kaka ishike hivi kati ya kidole gumba na cha shahada, mikono yote miwili, halafu akavuta. Mkono wa kushoto karatasi ilikaa. Wa kulia, kidole gumba changu kikajikunja chenyewe kwenye kiungo cha mwisho kama kinang'ang'ania, na karatasi ikatoka hivi hivi. Sikuwa nimeona hicho kitu kabla. Akasema ile misuli ya kubana imechoka kwa hiyo mwili unaazima msuli mwingine ambao una neva yake tofauti. Kisha akagonga kwa kidole nyuma ya kiwiko, ile sehemu ukijigonga kwenye meza unapigwa shoti, umeme ukashuka mpaka kwenye kidole cha mwisho.

Akanivua shati akaanza kuniangalia ngozi, mgongo, mikono, akanipapasa neva kwenye viwiko vyote viwili na pembeni ya goti. Nikauliza unatafuta nini dokta, akasema natafuta mabaka yasiyo na hisia, nataka niondoe ukoma kwanza. Nilishtuka, mi nilijua ukoma ni habari za kwenye biblia. Akasema upo bado na unapenda sana neva hii hii ya kiwiko, inavimba inakuwa nene, kwa hiyo huku kwetu daktari akiona vidole hivi viwili vimekufa ganzi asipoangalia ngozi hajamaliza kazi. Na dawa zake ni bure, unapona. Akapima sukari pia, akanigeuza shingo huku na huku maana neva hii inaanzia shingoni na inaweza kubanwa kule, na akauliza kama niliwahi kuvunjika kiwiko utotoni, kwamba mfupa ukiunga vibaya unaweza ukakusumbua miaka mingi baadae. Eksirei ikawa safi.

Alivyonielezea tatizo nikaelewa haraka kwa sababu ni kitu cha gari. Unajua zile waya zinazopita kwenye bawaba ya mlango, kila ukifungua na kufunga zinavutwa na kusuguliwa mpaka siku moja kioo hakipandi? Neva inapita nyuma ya kile kifupa cha ndani cha kiwiko, kwenye kinjia chembamba kilichofunikwa na utando mgumu, na ukikunja mkono kile kinjia kinazidi kubana na neva inavutwa juu ya kona. Ndo maana usiku na ndo maana simu. Na wanaosumbuliwa na kidole gumba, cha shahada na cha kati, hiyo ni neva nyingine inabanwa kwenye kifundo cha mkono, operesheni yake ni tofauti, msichanganye.

Hakunipeleka thieta moja kwa moja. Alianza na taulo. Ndio, taulo la kuogea, unazungusha kwenye kiwiko unafunga na bandeji ili ukilala mkono usikunje, na mchana usiegemeze kiwiko popote. Alisema wale ambao wana ganzi ya kuja na kuondoka tu wengi wao inatosha hiyo, hawahitaji kisu. Mi ilinipunguzia usiku, lakini nyama ya mkono ilikuwa inaendelea kuliwa, ukiangalia mgongo wa kiganja unaona mabonde katikati ya mifupa. Nikafanyiwa kipimo cha umeme wa neva, hakipo kila hospitali kwa hiyo ulizeni kabla ya kusafiri, wanakupiga vishoti vidogo vidogo na kupima vinakimbia kasi gani, hakiumi sana ila hakifurahishi. Vyangu vilikuwa vinafika kwenye kiwiko vinapunguza mwendo. Hapo ndo akasema sasa tukate.

Kuna namna mbili kubwa. Moja ni kufungua tu ule utando, neva inabaki pale pale ikiwa huru. Ya pili ni kuitoa neva na kuihamishia mbele ya kiwiko ili isivutwe tena. Nilidhani ya pili ndo bora maana ni kubwa zaidi, akasema hapana, kwa mtu ambaye hajawahi kufanyiwa na kiwiko chake hakina kasoro ile ndogo inatoa matokeo sawa tu na kubwa, na kubwa ina kovu refu na inaisumbua neva zaidi. Ila akasema akishafungua atakunja mkono wangu aangalie, neva ikiruka kutoka kwenye mfereji wake atahamisha. Yangu haikuruka.

Tukapanga Aprili, mvua, lo sizoni, maana sisi wengi ni freelansa, usipotoka na gari huna hela na hakuna wa kukulipa ukiwa na bandeji. Hili mliweke akilini kabla ya hela ya hospitali yenyewe. Ukipona nusu ukarudi usukanini mapema umeharibu.

Siku yenyewe sikupigwa nusu kaputi, nilichomwa ganzi ya mkono mzima kwenye kwapa. Hii kitu ni ya ajabu. Unauangalia mkono upo, unauambia inuka, umelala tu. Wakanifunga mpira juu ya mkono kama ule wa kupimia presha ili damu isijae, wakaweka pazia, nikawa nasikia wanavuta vuta lakini hakuna maumivu, sista mmoja mtu wa Machame anaongea na mimi habari za kahawa mwanzo mwisho. Haikufika hata saa zima. Jioni nikaruhusiwa. Maumivu yalikuja usiku ganzi ilipoisha, meza dawa KABLA haijaisha msisubiri, na mkono ukae juu ya mto. Vidole unatakiwa uanze kuvichezesha siku hiyo hiyo, na kiwiko nacho mapema, usikae umefunga mkono shingoni wiki nzima kama umevunjika maana kinakakamaa. Nyuzi zilitolewa baada ya kama wiki mbili.

Sasa malalamiko. Thieta na wodini sina neno, watu wa heshima. Mapokezi ni shida. Faili langu lilipotea siku ya kurudi kutoa nyuzi, nikakaa benchi mpaka mchana, kila dirisha linanituma dirisha lingine, na nilivyouliza kwa upole nikajibiwa kwani we peke yako ndo mgonjwa. Ya bima nako, kibali walisema kipo tayari, asubuhi ya upasuaji nimeshafunga kula ndo wanasema kuna sahihi haipo. Nendeni na kopi ya kila karatasi na picha kwenye simu. Kingine, karatasi ya kuruhusiwa haikuandikwa mazoezi yoyote, ningekuwa mtu wa kukaa kimya ningerudi nyumbani nikae tu. Niliomba mwenyewe ndo nikapelekwa kwa mtu wa fizio, kadada fulani kapole lakini mazoezi yake sio ya mchezo, kubana vibanio vya nguo, kutawanya vidole na kuvifunga, kuokota maharage moja moja.

Matokeo. Ile ya kuamka usiku iliisha mapema sana, kwangu hiyo peke yake ilikuwa inatosha. Ganzi inaondoka taratibu mno, dokta alisema neva iliyoumia inaota kama milimita 1 kwa siku, na kutoka kwenye kiwiko mpaka ncha ya kidole ni zaidi ya sentimita 30, pigeni hesabu wenyewe, ni karibu mwaka na nguvu inaweza kuchukua zaidi. Ufunguo sasa nazungusha kwa mkono mmoja. Ncha ya kidole cha mwisho bado iko kama imevaa glovu. Yale mabonde yapo, na hili dokta aliniambia waziwazi kabla ya kusaini, kwamba operesheni inazuia neva isiendelee kufa, ile misuli iliyokwishakonda hawezi kuniahidi. Kwa hiyo wewe ambaye una ganzi tu una muda wa kujaribu taulo, lakini ukiona karatasi inachomoka na nyama inaisha usiendelee kunywa vitamini.

Na kuna eneo chini kidogo ya kovu, upande wa ndani wa mkono, halisikii vizuri, linawasha nikivaa sweta la mikono ya kubana. Kuna vineva vidogo vya ngozi vinapita pale vinaweza kuguswa na kisu. Sio kitu kikubwa ila ni bora ujue.

Dirishani siweki kiwiko tena, nimeshona sponji kwenye mlango na bado siweki. Huduma ya daktari na thieta natoa tano kwa tano, mapokezi mbili, na hiyo ya pili ni kwa ajili ya mlinzi wa getini ambaye ndo alilipata faili langu.