WiiM Pro mbele ya NAD 3020: mapitio baada ya miezi minane

Deki yangu ya CD ilianza kukataa santuri kidogo kidogo. Ilianza na zile za kunakiliwa, ikafuatia zile zenye michubuko, na mwishowe hata santuri mpya kabisa ilizunguka, ikasita, kisha kioo kikaonyesha kwamba ndani hamna kitu. Fundi aliifungua mbele yangu, akafuta lenzi kwa pamba yenye spiriti, ikacheza siku nne na kurudia ugonjwa wake. Leza ikishachoka haina dawa ila kubadilishwa, na ya deki ile haiuzwi tena. Nikabaki na santuri 140, nyingi zikiwa taarabu na dansi, na sina cha kuzichezea.

Amplifaya yangu ni NAD 3020, ile iliyoingia sokoni mwaka 1978 ikiwa na wati 20 kila upande, na spika ni ndogo za kuweka juu ya stendi. Sikuona sababu ya kugusa vitu hivyo viwili. Nilichotafuta ni chanzo kipya cha dijitali, na baada ya kulinganisha bei nilichagua WiiM Pro, kisanduku cheusi kilichotoka mwishoni mwa mwaka 2022 kwa bei ya dola 149 za Marekani. Kinapokea muziki kwa Wi-Fi au kwa waya wa mtandao, kinaugeuza kutoka tarakimu kuwa mawimbi ya umeme, na kuupeleka kwenye amplifaya kwa waya wa kawaida wa RCA. Vilevile kina matundu ya dijitali, ya optiki (waya wa mwanga) na koaksi, kwa anayetaka kutumia DAC ya nje, yaani kisanduku kingine cha kufanya kazi hiyo ya kugeuza tarakimu. Hakina kioo; amri karibu zote hutolewa kwenye simu kupitia programu ya WiiM Home.

Kabla ya kuunganisha chochote nilisafisha matundu ya nyuma ya amplifaya. Ninaishi Tanga, si mbali na bahari, na hewa ya chumvi ilikuwa imeyawekea kutu ya kijani iliyofanya upande wa kushoto ukoroge kila nilipogusa waya. Nawasihi wote wa pwani wafanye kazi hiyo kwanza, kwa sababu kasoro nyingi zinazohesabiwa kuwa za deki ziko hapo.

Jambo lililonishughulisha zaidi ni kiwango cha sauti, na nitakaa nalo kidogo kwa kuwa wauzaji hawalitaji. NAD 3020 haina tundu lililoandikwa CD, maana ilitengenezwa kabla CD haijaanza kuuzwa mwaka 1982, hivyo chombo cha dijitali huchomekwa kwenye AUX, tundu la chombo chochote cha ziada. Tundu hilo lilitarajia ishara ndogo, chini ya robo ya volti, ilhali vyombo vya dijitali kwa kawaida hutoa volti 2 hivi. Matokeo yake ni kwamba ukizungusha kitufe cha sauti kidogo tu, nyumba nzima inatikisika, na ukitaka kusikiliza kwa utulivu usiku unalazimika kukiacha pale mwanzo kabisa wa mzunguko, mahali ambapo vitufe vya zamani havigawi sauti sawasawa kati ya kulia na kushoto. Kwa miaka mingi nilidhani spika yangu ya kulia ni dhaifu. WiiM Pro ina mpangilio wa kupunguza volti inazotoa. Nilipoushusha, kitufe kikasogea hadi katikati ya mzunguko wake, na sauti ya mwimbaji ikakaa katikati ya spika mbili kama inavyopaswa. Hakuna mabadiliko mengine niliyoyafanya ambayo yamenifurahisha kiasi hicho, na hayakunigharimu hata senti.

Baada ya hapo niliingiwa na hamu ya kujua kama DAC ya nje ingeongeza kitu. Jirani aliniazima DAC yake, Topping E30 II, nikaiunganisha kwa waya wa optiki. Siku ya kwanza ningeweza kuapa kwamba besi yake ni nene na fidla zake zina uhai zaidi. Kesho yake nilicheza mlio mmoja usiobadilika, nikapima volti kwenye ncha za waya za spika kwa mita ya fundi umeme, na nikakuta Topping ilikuwa inatoa sauti kubwa zaidi, basi. Nilipunguza kile kilichokuwa juu hadi vipimo vikakaribiana kabisa, kisha nikamwomba mpwa wangu abadilishe kati ya viwili hivyo huku mimi nimegeukia ukuta. Kati ya mara 20 nilipatia 11, ambayo ni sawa na kukisia. Sisemi kwamba hakuna mtu anayeweza kuvitofautisha. Nasema kwamba kwa amplifaya hii, spika hizi na masikio haya, tofauti iliyobaki si ya kulipia.

Sababu yake inaeleweka. CD hubeba sampuli 44,100 kwa sekunde, kila moja ikiwa na biti 16, na hilo linatosha kuwakilisha masafa yote yanayosikika na sikio la binadamu, kwa nafasi ya takriban desibeli 96 kati ya sauti kubwa kabisa na mnong'ono. Chumba changu hakijawahi kuwa na ukimya wa namna hiyo hata saa nane za usiku. Chipu za leo zinatimiza kazi hii kwa urahisi hata zikiwa za bei ndogo, na ndiyo maana toleo la Pro Plus, lenye chipu bora zaidi na lililouzwa kwa dola 219, sikulinunua.

Palipo na tofauti kubwa ni kwenye faili lenyewe na njia linayopitia. Santuri zangu nilizinakili zote kwenye kompyuta kuukuu kwa programu ya Exact Audio Copy, ambayo husoma sehemu yenye shaka tena na tena na kulinganisha matokeo na nakala za watu wengine waliosoma santuri hiyo hiyo. Santuri tatu ambazo deki ilizikataa zilisomeka kikamilifu. Katika muundo wa FLAC, usiopoteza chochote, zote 140 zimechukua gigabaiti zisizofika 50. Kompyuta hiyo huzigawa kwa WiiM kupitia ruta ya nyumbani, na hapo bando haliguswi hata kidogo, jambo ambalo kwa sisi tunaonunua vifurushi ni la kuzingatia sana. Muziki wa intaneti wa kilobiti 320 kwa sekunde hula megabaiti kama 144 kwa saa. Wa ubora wa CD hula kati ya 300 na 400 hivi. Na ule wa biti 24 na kilohezi 192 unazidi gigabaiti 4 kwa saa kabla haujabanwa. Huo wa mwisho mimi siutumii.

Nawashauri pia wasomaji waepuke kutuma muziki kwa Bluetooth wakati chombo kina njia bora. Kwa Bluetooth simu huubana muziki upya. Kwa Chromecast, njia ya Google ya kutuma muziki kwa Wi-Fi, simu hutoa amri tu, na WiiM huchota muziki yenyewe moja kwa moja, hata ukipigiwa simu hausimami.

Nina rekodi ya jukwaani ya taarabu ambamo nyimbo zinaungana, makofi ya wimbo mmoja yakiingia katika taksimu (utangulizi wa ala moja) ya kanuni, ile ala ya nyuzi, katika wimbo unaofuata. Nilipoisikiliza kwa simu na spika ya Bluetooth, makofi yalikatwa kwa kisu kila dakika saba. Kwa WiiM na faili za FLAC yanapita bila mshono, na kanuni inaanza ikiwa bado imezungukwa na watu.

Upungufu upo. Pro haina tundu la kuchomeka diski ya USB, kwa hiyo asiye na kompyuta au kifaa kingine cha kugawa faili nyumbani atakwama. Bila simu ni vigumu kujua kinachochezwa, na mgeni akitaka kuchagua wimbo ni lazima umkabidhi simu yako. Wazee nyumbani kwangu hawakuipenda hali hiyo. Mama anapendelea rimoti, ambayo huuzwa kando. Kwa upande mwingine, tundu la kupokea optiki limeniwezesha kuleta sauti ya televisheni kwenye amplifaya ambayo haikujua dijitali kabisa, na taarifa ya habari haijawahi kusikika vizuri hivi.

Mwenye deki inayosoma vizuri na yenye tundu la optiki hana haja ya haraka ya kufuata njia yangu. DAC ndogo ataihitaji iwapo tu upande wa analogia wa deki yake una kasoro. Ambaye leza yake imekufa, au ambaye santuri zake zinaota ukungu kabatini, anunue Pro na anakili santuri zake mapema.

Zile dola 70 nilizoziacha kwa kutonunua Pro Plus nilizipeleka kwa fundi cherehani na kwenye duka la mazulia. Chumba changu kina sakafu ya saruji na kuta tupu, na mwangwi wake ulikuwa ukifunika herufi za mwisho za kila neno. Pazia zito lilipotundikwa nyuma ya kiti na zulia likatandikwa mbele ya spika, nilicheza tena taarabu ya Black Star, kikundi cha hapa hapa Tanga, na kwa mara ya kwanza nikayafuata mashairi hadi kina cha mwisho bila kuinamisha kichwa mbele.