Uzoefu wangu na taa za infraredi za kuwindia nguruwe pori usiku huko Texas

Kwa misimu mitatu sasa nimekuwa nikiwinda nguruwe pori usiku katika shamba la mahindi lililo kando ya mto Brazos, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa gari kutoka Houston ninakoishi. Mwenye shamba ni mzee wa hapo hapo, na kila mwaka hunipa ruhusa kwa maandishi, kwa maana tangu Septemba 2019 sheria ya Texas haimlazimishi mtu kuwa na leseni ya uwindaji ili kuua nguruwe hao kwenye ardhi ya mtu binafsi, lakini ridhaa ya mwenye ardhi haina mjadala. Nguruwe wenyewe si wa asili ya nchi hiyo. Waliletwa na Wahispania karne kadhaa zilizopita, wengine wakatoroka, wakaja kuchanganyika na nguruwe wa misituni kutoka Ulaya walioletwa baadaye kwa ajili ya uwindaji, na leo jimbo hilo peke yake linakadiriwa kuwa nao zaidi ya milioni mbili. Mbegu zikishafukiwa mwezi Machi, kundi moja huweza kuufuata mstari wa mahindi kutoka upande mmoja wa shamba hadi wa pili likifukua punje moja baada ya nyingine. Mimi niliyekulia Kilosa nikilinda shamba la baba juu ya dungu, nikigonga debe hadi mkono ufe ganzi, sikuhitaji kuelezwa machungu ya mzee huyo.

Darubini niliyofunga juu ya bunduki yangu ni ya kidijitali, yaani ndani yake mna sensa kama ya kamera na kioo kidogo cha kutazamia. Katika usiku usio na mbalamwezi darubini ya namna hii haioni kitu mpaka ipewe mwanga wa infraredi, ambao jicho la binadamu haliuoni lakini sensa huuona vizuri. Tofauti yake na darubini ya joto ni kwamba ile ya joto haihitaji taa yoyote, kwa sababu inasoma joto linalotoka mwilini mwa mnyama. Wakati nanunua, ya joto iliyo nzuri ilikuwa na bei ya mara nne ya hii yangu, na isitoshe napenda picha inayonionyesha sikio, mkia na waya wa seng'enge ulio nyuma ya mnyama. Kwa hiyo nilibaki na kidijitali, na hapo ndipo safari yangu ya taa ilipoanzia, nikinunua vibaya mara mbili kabla ya kununua vizuri.

Taa ya kwanza ilikuja pamoja na darubini. Ilikuwa ya nanomita 850 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), na boksi lake liliandikwa kwamba inamulika hadi mita 300. Sikatai kwamba mwanga wake ulifika mita 300. Tatizo ni kwamba ulifika ukiwa umetawanyika kama maji ya ndoo iliyomwagwa uwanjani. Nilipoipima kwenye barabara ya shamba, kigingi cha uzio kilicho umbali wa yadi 120 nilikiona, ila sikuweza kusema kama kitu kilichosimama pembeni yake kilikuwa pipa au ndama. Hesabu ya jambo hili ni nyepesi, na laiti ningeifanya kabla ya kulalamika. Umbali ukiwa maradufu, mwanga ule ule hutandazwa kwenye eneo kubwa mara nne, kwa hiyo ukinunua taa yenye nguvu mara mbili unajipatia nyongeza ya umbali ya kama asilimia 40 tu. Lakini ukiubana mwale wa taa hadi upana wake uwe nusu, mwanga unaoangukia pale unapolenga huongezeka mara nne bila kuongeza hata wati moja. Ndiyo maana nawashangaa wauzaji wanaotangaza wati na mita kwa herufi kubwa, huku upana wa mwale ukiandikwa kwa herufi za kutafutia miwani, kama umeandikwa kabisa.

Kosa la pili lilitokana na hofu. Usiku mmoja rafiki yangu kutoka Eldoret, ambaye huwinda nami, alisimama mbele ya taa na kuniambia kwamba anaona kidoa chekundu, kama kaa la sigara lililo mbali. Kweli, taa za 850 huonyesha wekundu hafifu ukizitazama moja kwa moja, na kwa kuwa kundi la nguruwe lilikuwa limetukimbia siku mbili mfululizo, tukaamua kwamba wekundu ule ndio mchawi. Nikanunua taa ya nanomita 940, dola 140, ambayo haionyeshi wekundu wowote. Ilipofika nilidhani imekufa. Niliiwasha mbele ya kamera ya mbele ya simu, ambayo kwa simu nyingi huona infraredi, na pale ikang'aa rangi ya zambarau iliyofifia. Basi taa ilikuwa nzima, sensa yangu ndiyo iliyokuwa ikiiona kwa shida. Sensa za silikoni huanza kupoteza uwezo kadiri unavyokwenda kwenye mawimbi marefu, na kwa darubini yangu tofauti ya 850 na 940 ilikuwa ni kuona nguruwe kwa yadi 150 na kumwona kwa yadi 60. Rafiki yangu aliyeazima darubini ya kizazi cha tatu, ile yenye mrija wa kukuza mwanga kama wanayotumia wanajeshi, hakupata hata hizo 60, kwa kuwa uwezo wa mrija wa aina hiyo hushuka ghafla karibu na nanomita 900. Kwa hiyo jambo la kwanza la kujiuliza ni darubini yako inaona nini, na ndipo uulize taa inatoa nini.

Na wale nguruwe? Waliendelea kutukimbia hata kwenye 940. Jicho la nguruwe lina aina mbili tu za chembe za kutambua rangi, na upande wa nyekundu linaona kwa udhaifu mkubwa. Pua yake ndiyo ya kuogopwa. Tulikuwa tukikaa upande unaopuliza upepo kuelekea msituni wanakotokea, tukiwa tumejipaka dawa ya mbu yenye harufu ya kuamsha maiti. Tulipohamia upande wa pili wa shamba na kurudisha ile taa ya 850, walikaa mbele yetu dakika kumi na mbili wakila. Siwezi kusema kwamba wekundu haumshtui mnyama yeyote. Koyote, mnyama wa porini wa jamii ya mbwa, kwa mfano, nimemwona akisimama na kuitazama taa, kisha akageuka na kwenda zake. Ila kwa nguruwe, aliyetumia fedha kuficha kidoa chekundu kabla ya kuujua upepo amelipia mlango na kuacha dirisha wazi, na aliyefanya hivyo ni mimi.

Taa ya tatu ndiyo ninayoitumia hadi leo. Nayo ni ya LED, nanomita 850, kichwa chake kina lenzi ya milimita 50 kinachovutwa mbele na nyuma ili kuubana au kuupanua mwale, na kitako chake kina kitufe cha kuzungusha kinachopunguza mwanga kidogo kidogo kutoka juu kabisa hadi karibu na kuzima. Nililipa dola 185. Mwale ukibanwa, naona mwili mzima wa nguruwe kwa yadi 200, na kwa yadi 130 naona masikio yanavyocheza. Lakini mita zake si sababu ya kuisifu. Kitufe kile cha kupunguza ndicho kilichoniokoa, na hapa naomba nieleze kwa kirefu kidogo, maana sikuliona jambo hili limeandikwa kwenye boksi la taa yoyote.

Ilikuwa mwezi wa tano, saa tano usiku, mimi nimelala kifudifudi kwenye ukingo wa mfereji, nyasi zimenifika kidevuni. Niliwasikia nguruwe kabla ya kuwaona. Wanapotafuna mahindi mabichi husikika kama watu wanaotembea juu ya vigae vilivyovunjika. Nikawasha taa kwa nguvu zote na kioo cha darubini kikawa cheupe pe, kana kwamba mtu amenirushia unga machoni. Majani matatu ya nyasi yaliyokuwa karibu na mdomo wa bunduki yalikuwa yameurudisha mwanga wote kwenye sensa, nayo sensa, kama kamera yoyote, ikajipunguzia uwezo wa kuona ili kuvumilia weupe ule, na shamba lililo nyuma ya majani likazama gizani. Nilipozungusha kitufe hadi robo, majani yakawa vivuli vya kijivu na nyuma yake wakajitokeza nguruwe saba, jike moja kubwa likiwa limenipa ubavu. Taa ile ya kwanza ingekuwa haina la kufanya hapo, kwa sababu ilikuwa na hali mbili tu, kuwaka na kuzimika.

Tangu siku hiyo nimejifunza kuangalia kila kitu kilicho karibu na taa. Kizuia sauti kilicho mwishoni mwa mtutu hung'aa kama mwale unakigusa, kwa hiyo nimeihamisha taa kutoka kando ya mtutu na kuifunga juu ya darubini, ambako mwale unapita juu ya chuma. Ukungu unaopanda kutoka mtoni alfajiri hauna dawa. Ukiongeza mwanga unaongeza ukuta mweupe, ukipunguza unapata kidogo, na mara nyingi mimi hufunga mizigo nikaondoka. Mbu nao hupita kwenye mwale kama cheche za fundi wa kuchomelea. Mwanzoni waliniudhi, sasa nimewazoea.

Kuna jambo jingine ambalo taa nzuri imenifunza, nalo ni la usalama. Mzee ana ng'ombe weusi wanaolala kwenye malisho yanayopakana na mahindi, na ndama mweusi akiwa ameinamisha kichwa kwa yadi 150 anafanana na nguruwe kuliko unavyotaka kuamini. Ng'ombe, kulungu na mbwa wana utando nyuma ya jicho unaoakisi mwanga, ndiyo maana macho yao huwaka kama sarafu mbili kwenye darubini. Nguruwe hana utando huo, na macho yake huonyesha mng'ao hafifu tu au hayaonyeshi kabisa. Kwa hiyo macho yakiwaka sana, mimi huondoa kidole kwenye kifyatulio, nikasubiri. Kinyume chake hakikubaliki: macho yasiyowaka hayanipi ruhusa ya kupiga, kwani mnyama anaweza kuwa ametazama kando. Ni lazima nione pua ndefu, mgongo na mkia. Kulungu, kwa upande wake, ni marufuku kuwindwa usiku huko Texas, na kosa la namna hiyo halisamehewi kwa kusema kwamba taa ilikuwa dhaifu.

Niliwahi pia kuazima taa ya leza ya jirani wa mzee. Mwale wake ni mwembamba na unafika mbali kupita LED yangu. Kwa yadi 300 niliona paka juu ya marobota ya nyasi. Ila duara lake ni dogo, na nguruwe wakianza kukimbia wanatoka ndani yake kabla hujawafuata. Kilichonifanya niirudishe ni jicho. Mwanga mkali unaoonekana hukufanya upepese bila kufikiri, lakini leza ya infraredi haionekani, kwa hiyo jicho halijitetei, na mimi nina watoto nyumbani wanaopenda kuchungulia kila chenye kioo.

Kasoro za taa yangu zipo. Muuzaji alisema betri moja ya kuchajiwa ya saizi inayoitwa 18650 ingedumu saa tano. Nilipoipima kwa nguvu zote ilidumu saa mbili na dakika kumi, na mwezi Januari, baridi ikiwa kali, haikufika hata saa mbili. Nikiwa kwenye robo ya mwanga, ambako ndiko ninakokaa muda mwingi, inanivusha usiku mzima, na mfukoni huwa na betri ya pili, karibu na mwili ili isipoe. Kibano cha kufungia kwenye reli, yaani ukanda wa chuma wa kushikizia vifaa vya bunduki, nacho kilikuwa hafifu. Baada ya risasi kama ishirini skrubu zililegea, taa ikaelekea chini kushoto, na nikatumia robo saa nikidhani darubini imeharibika. Duka la mtandaoni lililoniuzia lilijibu barua yangu ya tatu, likanipa pole na punguzo la ununuzi ujao, ambalo sikulitumia. Nilinunua kibano kingine cha chuma kwa dola 30, nikapaka gundi ya skrubu, na hadi sasa hakijasogea.

Ndugu mmoja aliye Kenya aliniuliza kama taa hii ingemfaa kwa nguruwe wanaomlia viazi. Nilimkumbusha kwamba uwindaji kwao umepigwa marufuku tangu 1977, na kwamba hata sisi wa Tanzania bila kibali mtu hawindi. Hata hivyo, kwa kukaa kwenye dungu na kujua ni nguruwe, nungunungu au mwizi aliyeingia shambani, itamtosha, mradi awe na darubini au kamera inayoona 850, na asinunue isiyo na kitufe cha kupunguza mwanga. Ile ya 940 bado ninayo kabatini, nzima, na yeyote aliye karibu na Houston mwenye kamera ya ulinzi anayetaka taa isiyoonekana na wezi, namuuzia kwa dola 50.