Ulanzi wa Ifunda: kunywa hapo hapo, dumu usilikaze

Mimi ni mtu wa Mbeya, nimekulia kwenye kimpumu, pombe ya kienyeji ya kwetu, na ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi, nilikuwa nauona kama maji ya mianzi tu ya ndugu zetu wa Iringa. Februari nilishuka Ifunda kwa kazi ya siku tatu. Mvua haikatiki. Mwenyeji wangu akasema nimefika wakati wake hasa, maana mlanzi, yaani mwanzi unaotoa ulanzi, haugemwi mwaka mzima. Unasubiri mvua zichomoze machipukizi mapya.

Alfajiri tukaenda shambani. Kila chipukizi limeinamishwa, ncha imekatwa, na kwenye ncha hiyo inaning'inia mbeta, yaani pingili ya mwanzi iliyokatwa kuwa chombo. Mgema anaishusha, anamimina kwenye ndoo, kisha kwa kisu kikali anachonga tena pale pale, kijipande chembamba kama ganda la kitunguu. Asubuhi na jioni, kila siku. Akiacha, kidonda kinakauka na utomvu unakoma. Nikamuuliza hamira anatia saa ngapi, akacheka mpaka akaegemea mwanzi. Hamira imo humo humo ndani ya mbeta, ndiyo maana haisuguliwi ikang'aa. Nisimsifu sana, mnajua mgema akisifiwa inakuwaje.

Wa asubuhi ile wanauita mtogwa. Rangi yake ni ya maziwa yaliyozidi maji, utamu ni wa muwa, na unawasha pua kidogo kama soda. Nilikunywa vikombe vitatu kabla ya chai. Ndoo ile ile jioni ya kesho yake ilikuwa kinywaji kingine kabisa: mkangafu. Sukari nyingi imeshageuka kileo, ulimi unakunjamana, na ulevi wake unaanzia magotini. Nilikuwa naongea vizuri kabisa, hoja zangu zimenyooka, nilipoinuka kwenda kujisaidia miguu ikakataa.

Bei ilikuwa elfu moja kwa lita, sina neno. Lakini kilabu kimoja cha barabarani waliniuzia kitu kimeongezwa maji na sukari. Utajua tu: utamu unabaki juu ya ulimi, pua haiwashwi hata kidogo.

Kosa langu mwenyewe ni dumu. Nilibeba lita tano za kupeleka nyumbani, na mwenyeji akanionya, "Kaka, kifuniko kilegeze, huo bado unachemka." Nikaogopa kuchafua basi, nikakikaza kwa nguvu zote na kulisukuma chini ya kiti. Sikufikiria kwamba ulanzi ukiendelea kuchacha unatoa hewa ya ukaa, na hewa hiyo lazima ipate pa kutokea. Makambako nililigusa kwa mguu, limevimba kama mpira. Nikajiambia tutafika tu. Tulipokaribia Igawa kifuniko kikaruka, povu likapanda mpaka kwenye kitenge cha mama niliyekaa naye.

"Baba, ndiyo nini hiki?"

Nikamwomba radhi mpaka Chimala. Basi zima likanuka kilabu, na konda kila akipita ananiuliza kama bado ipo.

Uyole nilishuka na lita mbili hivi. Nilipofungua kesho yake mchana ilikuwa siki tupu. Mke wangu akainusa, hakusema kitu, akaitia kwenye kachumbari. Ilikuwa kachumbari nzuri sana.