VisionFive 2: kabla hujanunua bodi, nunua kwanza waya wa siriali

Wakuu, hii VisionFive 2 (kakompyuta kadogo ka bodi moja, jamii ya Raspberry Pi) ninayo karibu mwaka sasa na kila mara kuna mtu ananifuata inboksi kuuliza achukue hii au Raspberry Pi, sasa niandike mara moja nipumzike. Kama unataka kakompyuta ka kufanyia kazi chukua Pi, hata usiendelee kusoma. Ila kama we ni wale wenye kihoro cha kujua Linux inaamkaje tangu umeme unapoingia, kaa hapa.

Bodi ni ya StarFive ya China, chipu inaitwa JH7110, ina koa (viini vya prosesa) nne za U74 za SiFive zinakimbia 1.5 GHz, yangu ni ya RAM GB 8. Ni RISC-V, ule usanifu ulioanzia Berkeley 2010 ambao yeyote anaweza kutengeneza prosesa yake bila kulipia leseni ya maagizo kama ilivyo kwa ARM. Watu wakisikia usanifu wazi wanadhani basi bodi nzima iko wazi, hapana jamani, kilicho wazi ni lugha ambayo prosesa inaielewa, hizo koa zenyewe ni mali ya SiFive na GPU (sehemu ya kuchora picha) ni ya Imagination. Nimebishana na watu kuhusu hili mpaka nimechoka.

Sasa siku ya kwanza. Nikafanya kama tulivyozoea kwenye Pi, nikaandika imeji (nakala nzima ya mfumo) ya Debian, toleo mojawapo la Linux, kwenye memori kadi, nikachomeka HDMI, nikawasha. Taa imewaka, kioo cheusi tii. Nikasubiri weee. Nikahisi memori kadi, mana niliinunua Kariakoo kwa bei ya kutupa na zile GB 64 zake sikuziamini tangu mwanzo (baadae niliipima kwa f3, programu ya kukamata kadi feki, ikakutwa na GB 7 na ushee, hiyo kesi nyingine), nikaweka kadi nzuri, bado giza. Hapo ndo nikakumbuka kila mtu anayezijua hizi bodi hua anasema kitu cha kwanza ni siriali, yaani waya wa kusomea kwenye kompyuta nyingine maandishi ambayo bodi inayatoa ikiwaka, mi nikajifanya mjuaji.

Kale kaadapta ka USB kwenda siriali ni bei rahisi, chukua ka volti 3.3, sio 5, utakaanga pini. Kwenye safu ya pini 40, ya 6 ni ground, ya 8 ni TX (kutuma), ya 10 ni RX (kupokea), spidi 115200. TX ya bodi inaenda RX ya adapta, mi nikaunganisha TX kwa TX nikakaa natazama terminali tupu kama mtu anasubiri daladala saa nane usiku. Nilipogeuza ikaja hivi: CCCCCCCCC. Inaendelea tu, C baada ya C.

Aisee nilijua nimeua bodi.

Kumbe haijafa, ilikua inaniongelesha. Kuna viswichi viwili vidogo sana pale kwenye bodi, vinaamua ROM (programu ya kwanza kabisa kuamka) itafute wapi programu ya kubutia, yaani ya kuwashia mfumo: vyote L (chini) ni fleshi ya QSPI, memori ndogo ya kwenye bodi yenyewe, kimoja kikiwa H (juu) ni memori kadi, kingine ni eMMC (aina nyingine ya memori), na vyote viwili H inamaanisha usitafute popote, subiri mtu akutumie faili kwa siriali kupitia XMODEM, njia ya zamani ya kutumiana mafaili. Hiyo C ni bodi inasema nipo tayari, tuma. Nani aliviweka H? Mimi mwenyewe, kwa kucha, nikidhani nachagua memori kadi. Nikavirudisha L vyote viwili na ushauri wangu uviache hivohivo, acha ibutie kwenye fleshi halafu U-Boot (programu ya kupakia mfumo) ndo iende kutafuta mfumo kwenye kadi au NVMe (SSD). Ila hiyo hali ya CCCC usiidharau, siku ukiharibu fleshi ndo mkombozi wako, mana ROM imechomwa ndani ya chipu na huwezi kuifuta hata ukitaka.

Hapo ndo nikaanza kuipenda hii kitu. Kwenye PC ukiwasha unaona nembo, nyuma yake kunafanyika nini hujui. Hapa mistari inapita yote: ROM inaita SPL, kipakiaji kidogo cha mwanzo, SPL inaamsha RAM, inakuja OpenSBI na lile libango lake la herufi, hiyo haiondoki, inabaki chini kabisa na Linux ikitaka baadhi ya mambo ya ngazi ya chini inabidi iombe kwake, halafu U-Boot inasoma faili la mipangilio la extlinux.conf, inapakia keneli (moyo wa Linux) na faili la device tree linaloiambia keneli bodi ina vifaa gani. Ukiona imekwama unajua imekwama mlango wa ngapi. Yangu ilikua inakwama U-Boot kwa sababu famuwea (hizo programu za kubutia) ya kwenye fleshi ilikua ya zamani kuliko imeji niliyoweka, jambo ambalo limeandikwa wazi kwenye maelekezo ya StarFive, sikusoma. Ni mafaili mawili tu, SPL na lile lenye OpenSBI na U-Boot, unayaandika kwenye fleshi kwa amri ya flashcp. Umeme wa mtaani kwetu unaujua wenyewe, nikailisha bodi kwa pawabenki ndo nikaflashi, moyo unadunda.

Baada ya hapo shida zikaisha kabisa. Debian ikapanda, amri ya nproc inayohesabu koa inasema 4, ingawa ndani kuna koa ya tano ndogo, S7, ambayo Linux haiendeshwi juu yake kwa sababu haina MMU, kile kipande cha kusimamia memori ambacho Linux inakitegemea. NVMe inachomekwa tumboni mwa bodi, na kama una SSD ndogo imelala droo ifunge tu, tofauti na memori kadi ni mbingu na ardhi. Spidi kwa ujumla iko chini ya Pi 4, kukompaili keneli (kuijenga kutoka kodi yake) hapohapo unaenda kula, unalala, unarudi. Desktopu sishauri. Waifai haina, ila ina matundu mawili ya waya wa neti na nimelipenda hilo.

Kingine cha kuangalia kabla hujatoa hela ni muda wa kuishi. Debian iko sawa, riscv64, yaani Debian ya RISC-V, imeingia rasmi kwenye toleo la 13 lililotoka Agosti 2025, na keneli ya kawaida ilianza kuitambua hii bodi toka 6.4 ya 2023. Ila Ubuntu kuanzia 25.10 wanataka prosesa yenye RVA23, orodha ya maagizo ambayo prosesa ya RISC-V lazima iyajue, na U74 haina hata maagizo ya vekta (ya kuchakata namba nyingi kwa mpigo), kwa hiyo ukiwa mtu wa Ubuntu unabaki 24.04 basi. Hapo ndo mtu anauliza si bora nisubiri bodi mpya? Ukiweza kusubiri subiri. Mi yangu iko juu ya ruta sebuleni inafanya DNS (kutafsiri majina ya tovuti kuwa anwani) na kuhifadhi Git (kodi) zangu, na ule waya wa siriali sijauchomoa mpaka leo.