Behringer UCA222: kiboksi kilichoniokolea kanda za mamangu

Kama una kanda za zamani na unataka kuziingiza kwa laptopu, soma hii kabla hujatoka kwenda mjini kununua waya. Mimi nishapoteza wiki mbili na pesa juu.

Mamangu ana kanda zake kwa kopo la biskuti, nyingi ni taarab, Juma Bhalo na Zein l'Abdin, halafu kuna moja ya vugo, harusi ya khaleti yangu hapo Kibokoni, Mombasa, marehemu nyanya ndio anaimbisha, wanawake wanaitikia na pembe zinagongwa, na nakala ingine hakuna popote. Hio kanda ishaanza kuchoka, pengine sauti inayumba pengine inazama. Nikasema naihifadhi sai kabla haijakatika.

Deki ninayo, nzima, ile ya matundu mekundu na meupe nyuma. Laptopu ina tundu moja tu ubavuni, la hedfoni, nami nikajua ndio hapo hapo. Nikachomeka waya wa aux, nikawasha kanda, kimya kabisa. Nikarudi mjini, kijana wa duka moja akaniuzia splita ya matundu mawili, la maiki na la hedfoni, 300, akaniapia itashika. Ikashika kweli, lakini jamani ile sauti! Nyanya akipaza tu inapasuka, inakwaruza, na kwenye zile za taarab udi unausikia tabla huisikii.

Nikaja kuelewa baadaye, na hapa ndipo wengi tunapokosea. Hilo tundu la laptopu za sikuhizi hasa ni la kutoa sauti. Ukitazama pini ya iyafoni zenye maiki utaona mistari mitatu myeusi imeigawa sehemu nne: ya ncha ni sikio la kushoto, inayofuata ni la kulia, ya tatu ni ya ardhi, yaani njia ya umeme kurudi, na ya mwisho kule chini ndio maiki. Kwa hivo njia ya kuingiza ni moja tu, ni ya maiki, na ni mono, yaani sauti moja bila kushoto na kulia. Waya wa aux wa kawaida una sehemu tatu, ukiuchomeka ile sehemu ya maiki inagusana na ardhi, utasikia nini? Na hata ukipita kwa splita, maiki inatoa sauti ndogo mno, vipande vya elfu vya volti, na laptopu inaikuza sana ndio isikike. Deki inatoa kama volti 0.3. Unaimwagia ndoo nzima mahali pa kijiko, lazima ipasuke. Ukipunguza kwa kompyuta haisaidii sana kwa sababu mara nyingi ishapasuka kule mlangoni.

Ndio nikachukua hiki kiboksi cha Behringer, kinachopokea sauti ya deki na kuipeleka kwa laptopu kupitia USB. Ni chekundu, kidogo, kinaingia kwa kiganja, kinachukua moto kwa USB yenyewe na hakitaki chaji yake. Kina matundu mawili ya kuingiza na mawili ya kutoa, kushoto na kulia mbalimbali, basi udi na tabla vyote vimerudi mahali pake. Pembeni kuna tundu la hedfoni na kidude cha sauti, pamoja na swichi ya kusikiliza moja kwa moja kinachoingia. Hio swichi naipenda sana, maana unajua kanda imekaa sawa kabla hujarekodi nusu saa ya bure.

Nimekipa nyota nne, ya tano nimeinyima kwa sababu hakina kidude cha kupunguza sauti inayoingia. Kwa deki hapana neno, lakini ukitoa kwa tundu la hedfoni la redio itabidi upunguze kule kule kwa redio, anza chini upandishe polepole. Maiki ukichomeka hapa haitafaa kitu, wala santuri moja kwa moja, hiyo inataka kikuzi chake kwanza. Na waya wa USB umeshikana na kiboksi, ukikatika ni kazi ya fundi.

Windows yangu ilikiita USB Audio CODEC na ikakifanya maiki ya mono, nusura nikirudishe dukani! Ingia kwa mipangilio ya sauti, upande wa kurekodi, ukibadilishe kiwe chaneli 2, 44100. Halafu kwa Audacity, ile programu ya kurekodi, nayo ukichague hicho hicho, stirio. Ukisikia mvumo wa mmmm chini chini, chomoa chaji ya laptopu utumie betri, kwangu ulikatika papo hapo. Na uwe na nafasi, dakika moja ya WAV, faili ya sauti isiyobanwa, ni kama MB 10, upande mmoja wa kanda ya saa nzima ni MB 300 na kitu, na hakuna njia ya mkato, dakika 30 za kanda utakaa dakika 30.

Ile ya vugo niliirekodi Ijumaa baada ya Isha, feni nimezima, mamangu amevaa hedfoni. Nyanya alipoanza kuita, mamangu akaanza kunitajia wanaoitikia mmoja mmoja kwa sauti zao, huyu fulani, huyu jirani yetu, huyu alihamia Lamu. Nimeyaandika yote kwa karatasi na jina la faili.