Bebi monita kwa mama mwenye fremu mbele ya nyumba

Nashona nguo kwenye fremu inayotazama barabara, hapa Tabata, na mtoto wangu analala chumba cha nyuma kabisa. Kati yetu kuna ua, sebule, korido na kuta za tofali za saruji. Kwa nyumba ya namna hii nimetumia bebi monita, yaani kifaa cha kumfuatilia mtoto ukiwa chumba kingine, za aina mbili, ya kamera na ya sauti, na mama mwenzangu akiniuliza achukue ipi namwambia bila kusita: ya sauti.

Ya kamera nililetewa na dada yangu anayeishi Muscat nilipojifungua. Inatumia waifai, picha unaitazama kwenye simu. Mchana ni safi mno, unaona hadi mtoto anavyokunja vidole. Tatizo ni kwamba kila kitu kinategemea intaneti. Umeme ukikatika rauta inazima, na kwenye simu inabaki picha iliyoganda. Usipoitazama kwa makini utadhani mtoto bado kalala vilevile, kumbe unamwona alivyokuwa dakika kumi zilizopita. Bando likiisha ni hivyohivyo. Mteja akipiga kuulizia gauni lake, sauti ya chumbani inakata. Simu nyingi pia huzima programu usiyoitazama ili kuokoa chaji. Mtu anayepokea oda kwa WhatsApp kutwa nzima hawezi kuifanya simu hiyohiyo iwe sikio la kumsikilizia mtoto.

Usiku kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji, nalo ni chandarua. Kamera hizi huona gizani kwa taa za infraredi, mwanga ambao jicho la mtu halioni. Mwanga huo ukigonga chandarua unarudi kwenye lenzi, na unachopata kwenye simu ni ukungu mweupe wenye vitundu vidogovidogo. Mtoto yuko nyuma yake, humwoni. Wapo watakaokushauri uiingize kamera ndani ya chandarua. Usikubali. Waya wa kifaa chochote unatakiwa ukae walau sentimita 90 kutoka kitanda cha mtoto. Mwaka 2011 huko Marekani ilitolewa tahadhari kuhusu monita za video zipatazo milioni 1.7 baada ya watoto wawili kufa kwa kunyongwa na nyaya. Na kukifunua chandarua ili picha itoke vizuri, hilo ndilo kabisa usithubutu. Chandarua kibaki mahali pake, kamera ndiyo itafutiwe pa kwenda.

Ya sauti niliinunua Kariakoo, used kutoka Uingereza, shilingi elfu 65 baada ya kupatana sana. Ni vipande viwili: kimoja cha mtoto, kingine cha mzazi, na vinawasiliana vyenyewe kwa mawimbi ya redio bila bando wala rauta. Teknolojia yake inaitwa DECT, ileile ya simu za mezani zisizo na waya. Kwenye kasha wameandika mita 300. Hizo ni za uwanjani pasipo na kitu. Kwa ndani watengenezaji wengi wenyewe huandika kama mita 50, kwa herufi ndogo, na kuta zetu za saruji zinapunguza zaidi. Kwangu inashika vizuri mpaka kwenye fremu. Nikivuka barabara kwenda kwa muuza mboga inaanza kupiga kelele kwamba imepoteza mawasiliano, na kelele hiyo naipenda kuliko kitu kingine chochote ndani yake. Kifaa cha kulindia mtoto kikishindwa, kinatakiwa kiseme kimeshindwa. Umeme ukikatika, kile cha mtoto kinaendelea kwa betri ndogo nilizoweka humo, na hata zikiisha, cha kwangu kitalia.

Lakini kilichonifanya niithamini kweli ni taa. Kifaa cha mzazi kina mstari wa taa ndogo juu ya spika, kijani zikiishia nyekundu, na zinapanda kadiri sauti ya chumbani inavyoongezeka. Mashine yangu ya overloki ikiwaka huwezi kusikia hata mtu anayekuita mlangoni. Nimekiweka kifaa mezani, karibu na pini na chaki, pale macho yanapopita kila ninapogeuza kitambaa. Taa moja ya kijani ikicheza najua anajigeuza. Mbili tatu zikipanda na kushuka, ameamka na anaongea peke yake, naweza kumalizia mshono. Zikifika nyekundu na kubaki huko, naacha nguo kwenye mashine nakimbia. Mama anayefanya kazi penye kelele, ya kusaga, ya kuchomelea, saluni yenye draya, asinunue isiyo na taa hizo.

Feni inahitaji akili kidogo. Ikielekea kwenye maikrofoni utasikia upepo mtupu, hivyo kielekezee kifaa upande mwingine na upunguze usikivu wake hatua moja. Mvua kubwa ikipiga bati, taa zote zinawaka nyekundu na hakuna ujanja, unaingia ndani kukaa na mtoto.

Kuna suala la dada wa kazi pia. Monita inasikia kila mtu aliyeko chumbani, na dada naye ana mazungumzo yake na nyumbani kwao. Wa kwangu nilimwonyesha kifaa siku kilipoingia, akajua kikiwaka kinasikia nini na kinazimwa wapi. Kumsikiliza mtu mzima kwa siri ndani ya nyumba anayoishi ni kumdhalilisha, na sioni sababu inayohalalisha.

Kamera inamfaa mama anayeshinda ofisini mbali, mwenye umeme na intaneti ya uhakika. Huyo abadilishe nywila ya kiwandani kabla hata hajaifunga ukutani, kwa sababu kamera zenye nywila za kiwandani zimewahi kuonyeshwa mtandaoni hadharani, watu baki wakitazama vyumba vya watoto. Na zile soksi za mtoto zenye kifaa cha kupima oksijeni mwilini na mapigo ya moyo zisikutoe kwenye misingi. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri zisitegemewe kuzuia vifo vya ghafla vya watoto usingizini. Mlaze chali, kwenye godoro gumu kiasi, bila mto.

Ukienda kununua used, uliza imetoka wapi. Za Uingereza zina plagi ya pini tatu inayoingia kwenye soketi zetu moja kwa moja, na DECT ya Ulaya iko kwenye masafa ya megahezi 1880 hadi 1900. Za Marekani zinatumia 1920 hadi 1930, ambayo huku ni masafa ya simu za mkononi, hivyo ziepuke. Soma na chaja: ikiandikwa 120V peke yake itaungua, unataka 100-240V. Kisha mwombe muuzaji achomeke kipande cha mtoto dukani, wewe toka na cha mzazi mpaka mtaa wa pili, mtu aongee kule ndani. Ukifika mbali zaidi, usikie kama kinalia kwa kupoteza mawasiliano. Akikataa kukuchomekea, nenda duka jingine.