Kiganja cha rangi au picha ya kujichora?

Kumbukumbu ipi humfaa mtoto wa chekechea hapa Uganda: alama ya kiganja chake kilichopakwa rangi na kugandamizwa karatasini, au picha yake aliyojichora mwenyewe? Kwa gharama, picha inashinda: penseli na karatasi zipo darasani. Kiganja kinadai rangi, sabuni na ndoo za maji, na darasa likijaa, mwalimu mmoja hawezi.

Kuonyesha ukuaji? Kiganja cha Februari na cha Novemba karibu vinalingana. Picha husema zaidi: muhula wa kwanza kichwa chenye miguu, mikono ikitokea masikioni, muhula wa tatu kuna tumbo, vidole, hata jina. Ila wazazi hukipenda kiganja, nami nawaelewa.

Kutunza ni kulekule: bahasha kavu, tarehe nyuma.

Mtoto wa miaka mitatu, asiyemudu penseli, mpake rangi kiganjani. Wa miaka sita, mwache achore.